Kinyongo cha Jikoni

Kimberley,
29 Aprili 1957

Dada Beka mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Evelina amepoteza jino la mbele na Lea anamwonea wivu. Daniel bado yuko njiani na genge lake la reli, atarudi mwisho wa mwezi ujao. Mimi mzima wa mwili. Nikuandikie kwanza habari za samaki, maana nikianza na jambo lenyewe sitaimaliza barua.

Ijumaa Kuu tulikwenda kwa mama mkwe, kama kila mwaka. Unaijua meza ile. Hapiti mtu pale bila bakuli lake la samaki wa siki na bizari, na Bi Sofie anaonja moja baada ya jingine watu wakimtazama. Kilemba amekikaza hadi nyusi zimepanda juu, wala sijawahi kumwona bila kilemba au kofia tangu niolewe. Akaonja bakuli la mke wa mchungaji, ambaye hualikwa kila Pasaka. "Mzuri sana, mama mchungaji. Mzuri kweli." Akaja kwenye langu. Akatafuna polepole. "Sukari," akasema. "Kila mwaka sukari. Mke wa Daniel, wewe unapika samaki au jamu?" Meza nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, huku machozi yananilenga. Miaka yote hii hajawahi kuniita kwa jina langu, na hajawahi kumaliza samaki wangu.

Baada ya chakula akamwita Evelina aje achanwe kwa ajili ya ibada ya jioni. Unajua Evelina kachukua rangi ya baba yake na nywele laini. Lea naye akatafuta kitana, akasimama nyuma ya dada yake kungoja zamu. Bi Sofie akamtazama, akasema, "Wewe kachanwe na mama yako. Nywele zako zinavunja vitana." Mtoto akanijia na kitana mkononi. Dada, siku ile nilimchukia yule mama hadi meno yakaniuma.

Sasa lenyewe. Jumanne iliyofuata nilikwenda ofisini kuchukua kitambulisho kipya, kile tunachopewa sote kinachosema wewe ni mtu wa aina gani. Nilidhani ni kazi ya dakika tano. Mimi ni Chotara, kama wanavyotuita. Mume wangu ni Chotara, mtaa wetu ni wa Machotara, kanisa ni la Machotara. Nilimkuta kijana wa Kizungu, mpole kabisa. Alinivutia kiti. Akasema samahani, Bi Fortuin, inamisha kichwa kidogo. Halafu akanichomeka penseli kwenye nywele. "Tikisa kichwa." Nikatikisa. "Tikisa tena." Nikatikisa tena. Penseli haikuanguka. Akaichomoa, akaipangusa kwa leso yake, na penseli ile ile akaandikia.

Nimeandikwa Mwafrika.

Bibi yetu alikuwa Mtswana, ndiye aliyetulea, na jina lake silionei haya hata kidogo. Siogopi kuitwa hivyo. Naogopa kinachofuata. Kuanzia sasa nitembee na pasi, kile kitabu cha Waafrika cha kumwonyesha kila askari akikitaka. Nihame nyumba hii, kwa kuwa mtaa si wangu tena, niende ng'ambo ya reli. Daniel haruhusiwi kuishi kule, na mimi siruhusiwi kuishi huku. Nikauliza, na watoto? Kijana akasema kwa upole ule ule kwamba kila mtoto ataangaliwa peke yake. Umenielewa? Evelina atabaki na baba yake. Lea watanifungashia mimi.

Nilitoka nikaegemea ukuta. Mama Dikeledi, anayeuza mandazi pale getini, akaniuliza kuna nini. Nikamwambia. Akacheka, si kwa ubaya. "Karibu, mwanangu. Sisi tumo humo tangu tuzaliwe." Nilikasirika, halafu nikajionea haya kwa kukasirika.

Nimepewa mwezi mmoja wa kukata rufaa. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Hannie

*

Cape Town,
5 Mei 1957

Hannie wangu,

Nimeisoma barua yako kiwandani wakati wa chai, nikashona mkono wa shati kwenye kola. Msimamizi kapiga kelele, nikamjibu, sasa tuko wawili wenye kesi.

Sikiliza. Kwanza, kata rufaa leo, usingoje kesho. Hapa chama chetu cha washonaji kimewahi kusaidia watu wa namna hii. Wanachotazama si nywele peke yake. Wanauliza unaishi na nani, unakula na nani, jamii gani inakukubali kuwa ni wao. Tafuta watu wa kukusimamia: mchungaji, majirani, yeyote mwenye heshima na viatu vilivyong'arishwa.

Pili, watakuuliza kuhusu ukoo. Mkane bibi. Najua nimeandika nini. Sema hukumjua, sema alikuwa mtumishi wa nyumba. Atakusamehe huko aliko, alikuwa na akili kuliko sisi sote.

Tatu. Hivi wewe unadhani yule kijana alikuja na penseli yake kwa bahati tu? Umekaa Kimberley maisha yako yote, hakuna aliyekugusa, halafu siku nne baada ya kutukanwa mezani unaitwa uinamishe kichwa? Ni yule mama mkwe wako. Miaka yote anatafuta njia ya kukutoa kwa mwanawe, sasa serikali imemletea njia hadi mlangoni. Usiniambie yeye ni afadhali kwa kuwa ni wa kwetu. Anayempima mtoto kwa kitana na anayempima mama kwa penseli ni baba mmoja mama mmoja.

Nimemwandikia. Usinizuie, barua imeshatumwa.

Dada yako mwenye hasira,
Beka

*

Cape Town,
5 Mei 1957

Bi Sofie Fortuin,

Sikuandikii salamu kwa sababu sina.

Nimepata habari za mdogo wangu. Kama ulitaka mwanao arudi kwako kufuliwa soksi, ungesema. Hukuhitaji kumpeleka mama wa wajukuu zako kwa watu wanaopima binadamu kama ng'ombe mnadani. Umekaa na kilemba chako na samaki wako ukijiona malkia, kumbe wewe ni kuku mzee aliyejipaka unga akadhani amekuwa njiwa. Wale unaojipendekeza kwao hawatakufungulia mlango wa mbele hata siku ya mazishi yako.

Ukimtenganisha Hannie na watoto wake, mimi Rebekka Jaftha nitapanda treni nije nikuambie haya mbele ya kanisa zima, tena bila kushusha sauti.

R. Jaftha

*

Kimberley,
16 Mei 1957

Kwa Bi Rebekka Jaftha,

Barua yako imefika. Bahasha hukuifunga vizuri na mleta barua amesoma, kwa hiyo mtaa mzima sasa unajua mimi ni kuku.

Nakujibu mara moja tu. Simpendi dada yako. Sijawahi kumdanganya mtu yeyote kwamba nampenda. Nilimtakia mwanangu mke mwingine na kila mtu analijua hilo, yeye mwenyewe wa kwanza. Anacheka kwa sauti kanisani, anawalaza watoto kwa kuchelewa, na samaki wake wewe mwenyewe ungemla ungeomba maji.

Lakini sikwenda ofisi yoyote. Ugomvi wa nyumba yangu haujawahi kuvuka uzio wangu, na hautavuka nikiwa hai. Kumpeleka mke wa mwanangu kwa watu wale! Ulilelewa na nani wewe, hata ukawaza jambo hilo?

Nimesikia kesi ni tarehe ishirini Juni. Hakuna aliyeona vyema kunialika. Mwambie mdogo wako asivae ile nguo ya njano yenye maua.

S. M. Fortuin (Bibi)

*

Kimberley,
2 Juni 1957

Dada Beka,

Umeniua! Kuku mzee aliyejipaka unga? Mimi ndiye ninayeishi naye mtaa mmoja, si wewe. Nilipita mbele ya nyumba yake Jumamosi, akafungua dirisha, akanitazama, akalifunga. Watoto wa jirani wanalia kokokoko wakimwona. Haki ya Mungu sijui nitaficha wapi uso, ila nikiwa peke yangu jikoni nacheka hadi nashika meza.

Lakini hakuwa yeye. Daniel amerudi, akaenda ofisini akauliza nani aliyenishtaki. Yule kijana akastaajabu. Hakuna aliyemshtaki mkeo, bwana, tumemwangalia tu. Basi. Hakukuwa na adui, Beka. Nilikuwa nimejiandaa kumjua adui yangu, na hakuna. Kijana hanichukii. Aliniuliza hata kama kiti kinanitosha. Alifanya kazi yake, akaenda kula chakula cha mchana.

Tangu siku hiyo nawaza ulichoandika, kwamba yeye na Bi Sofie ni baba mmoja mama mmoja. Sikubali. Bi Sofie akininunia, narudi kwangu nalala kwangu, kesho namnunia na mimi. Ule ni upendeleo wake, ni kasumba, ni kinyongo cha jikoni, kinaniuma kweli, na kinamuuma Lea zaidi. Lakini huyu wa ofisini hana haja hata ya kuninunia. Akiandika neno moja, sina kwangu pa kurudi. Nyuma yake kuna polisi, kuna hakimu, kuna lori la kuhamisha vitu. Huo ndio ubaguzi wa rangi, dada yangu, nao unaweza kufanywa na mtu mwenye adabu zote. Chuki ya Bi Sofie haina mhuri. Upole wa yule kijana unao.

Mchungaji nimemwendea. Ameandika mistari mitatu kwamba ananijua kuwa muumini mtulivu, akasema tuombe. Nikamuuliza kama atakuja mwenyewe. Akasema atakuja kwa roho. Mke wake akanipa keki.

Kuhusu bibi yetu. Nimejaribu, Beka. Nimesimama mbele ya kioo nikasema, "Sikumjua." Midomo ikakataa. Aliniosha miguu kila jioni mpaka nikaanza shule. Sijui nitasema nini siku hiyo, ila hilo sidhani.

Daniel anasema mama yake atakuja kesini. Nimemwomba amzuie. Nitasimamaje pale, halafu mtu pekee wa ukoo wa Fortuin atakayeulizwa habari zangu awe yule asiyeweza hata kulitamka jina langu? Wakimuuliza anionaje, atawaambia ukweli. Hajui kusema kingine.

Niombee.
Hannie

*

Cape Town,
27 Juni 1957

Hannie,

Ishirini imepita. Nimekwenda posta kila siku mpaka karani ananitania kuwa nina mchumba jeshini. Andika. Hata kama ni neno moja. Hata kama ni baya.

Kama wamekuchukua, niambie walikokupeleka, nitakuja. Kama ni barua yangu iliyomkasirisha yule mama akakumaliza, niambie pia. Sijala vizuri tangu niisome yako. Usinifiche.

Beka

*

Kimberley,
1 Julai 1957

Dada Beka,

Nisamehe. Nililala. Nilirudi kutoka kesini nikalala kama mgonjwa, Daniel akapika, na hiyo peke yake uilie machozi. Uamuzi bado haujatoka, lakini kaa chini nikusimulie.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti ni mzee mwenye mafua, kikombe cha chai hakimtoki mkononi, na yule kijana wangu wa penseli pembeni anaandika. Mimi nguo ya kijivu. Daniel kaketi nyuma yangu. Bi Sofie aliingia wa mwisho, glavu nyeupe, mkoba, na ile kofia nyeusi ya mazishi. Hakunisalimu. Alikaa wima, mkono mmoja kaushika ukingo wa kofia, na hakuuachia muda wote tuliokuwa mle. Nikasema moyoni, hata leo hawezi kuacha maringo.

Walianza na mimi. Unalala kitandani au chini? Asubuhi unakula uji au mkate? Kaka zako walicheza mchezo gani? Mmoja akainuka akanibinya masikio, akamwambia kijana aandike "laini". Nilijibu yote. Halafu mwenyekiti akauliza, je, kwenye ukoo wenu kuna Mwafrika?

Nikamwona bibi, Beka. Nikamwona na beseni lake. Nikasema, "Ndiyo. Bibi mzaa mama. Alitoka Taung, ndiye aliyenilea, na alifia mikononi mwangu." Nikamsikia Daniel anashusha pumzi nyuma yangu. Kijana akaandika. Nikajua nimejimaliza, na bado nisingeweza kusema jingine.

Ndipo akaitwa Bi Sofie. Nakuandikia kama nilivyosikia.

"Unamfahamu mwanamke huyu?"

"Ningependa nisimfahamu. Ni mke wa mwanangu."

"Tunaambiwa hukuitaka ndoa hii."

"Sikuitaka. Hata leo siitaki."

Mwenyekiti akaweka kikombe chini. Akamwinamia, sauti ikawa tamu. "Bi Fortuin, wewe ni mtu mwenye heshima zako. Sema tu. Ni kwa sababu ya rangi yake?"

Bi Sofie akaikaza kofia. "Nayo imo," akasema. "Nilitaka mweupe zaidi. Hilo ni langu mimi, liko jikoni kwangu, na Mungu ataniuliza. Sikuja kuliazimisha kwenu."

"Kwa hiyo unakubaliana nasi."

"Nakubaliana nanyi wapi? Mimi nikimkasirikia namnunia, na Jumapili nampakulia chakula anakula. Ninyi mkimkasirikia mnamtoa kitandani kwa mwanangu na wajukuu zangu mnawagawana. Tena hamjakasirika hata! Msinihesabu upande wenu, bwana. Mimi sina upande na ninyi."

Mmoja akasema ajibu maswali tu: je, jamii ya Machotara inamkubali huyu kuwa mwenzao? Hapo, Beka, akakunjua mgongo kabisa. Akawaeleza habari za Ijumaa Kuu. "Meza yangu haikaliwi na mtu asiye wa kwetu, ila mgeni mmoja, mke wa mchungaji. Mke wa mchungaji samaki wake ni kamba iliyochemshwa. Kila mwaka namwambia ni mzuri sana. Nitamwambia nini? Si wangu. Huyu hapa," akaninyooshea kidole chenye glavu, "kila mwaka namwambia sukari imezidi. Namwambia mbele ya watu. Namwambia kwa sababu nikifa ndiye atakayekaa kwenye meza ile, na mwanangu atakula samaki wake mpaka naye afe. Mngekuwa na akili mngeniuliza nani namgombeza, msingehangaika na penseli."

Miaka yote ile nimelia kwa ajili ya bakuli lile. Nilidhani ananionyesha mlango.

Haikuishia hapo. Akafungua mkoba, akatoa barua yako! "Kama bado mna shaka, huyu ni dada yake, ameniandikia. Tafadhali, ukurasa wa pili, anaponiita kuku." Mwenyekiti akasoma. Akafika kwenye unga na njiwa, chai ikampalia, akakohoa hadi kijana akampiga mgongoni. Bi Sofie akangoja kwa heshima mpaka amalize. "Nawauliza ninyi wenye mama wakwe," akasema. "Mtu baki anaweza kukutukana namna hiyo? Huo ni ukwe. Hayo matusi hayapatikani mpaka uoze mtoto."

Yule kijana naye alikuwa anacheka, kichwa kakiinamisha. Mwenyekiti akafuta macho, akasema wametosheka, watatuarifu.

Nje nilimfuata nimshukuru. Akasema, "Usinishike, glavu ni nyeupe." Akaenda zake, mkono bado uko kwenye kofia.

Siandiki kwamba nimepona. Naandika kwamba tangu Aprili, hii ni mara ya kwanza kupumua mpaka chini.

Hannie

*

Cape Town,
9 Julai 1957

Bi Sofie Fortuin mheshimiwa,

Safari hii salamu ninazo, nyingi. Shikamoo.

Niliwaza vibaya na nikaandika vibaya zaidi. Nilitafuta mtu wa kumlaumu, nikamchukua aliyekuwa karibu. Hukumfanyia Hannie nililosema umefanya. Nakuomba msamaha, kuku na njiwa wote nawarudisha kwangu.

Lakini sitakudanganya, kwa kuwa naona hupendi kudanganywa. Lile la jikoni, ulilosema Mungu atakuuliza, usimngoje Yeye. Kuna mtoto mmoja anakungoja na kitana. Chuki ya serikali haikuota angani, Bi Sofie. Ilianza kwenye majiko ya watu, wakaja wakaipa mhuri. Nimelisema, sasa nanyamaza.

Pasaka ijayo nitakuja na samaki wabichi wa huku, nikiruhusiwa kukaa mezani. Ukinisifia upishi nitajua hujanisamehe.

Wako kwa ukwe,
Rebekka Jaftha

*

Kimberley,
16 Septemba 1957

Beka! Beka! Beka!

Imetoka! Wameniacha nilivyokuwa. Nabaki Chotara, nabaki kwenye nyumba yangu, nabaki na Daniel, na watoto hawatapimwa na mtu. Ijumaa jioni Daniel alikuja na karatasi mkononi anakimbia na viatu vya kazi, nilidhani kuna mtu amekufa. Tulicheza dansi jikoni bila muziki. Lea alipanda juu ya meza, hakuna aliyemkemea. Nilifua mashuka yote ya nyumba ambayo hayakuwa hata na uchafu, ili tu nione yananing'inia kwenye kamba yangu, uani kwangu.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama Dikeledi kumwambia. Njia nzima nimefurahi, nilipomfikia nikasimama kando. Alikuwa anaonyesha pasi yake kwa askari, huku mandazi yanapoa. Askari alipoondoka nikamwambia. Akanikumbatia, akafurahi kweli, akanipa andazi la bure. "Umetoka," akasema. "Basi usitusahau tuliobaki ndani." Nilikula lile andazi nikitembea na sikulisikia utamu. Nimefurahi kupona, Beka, na nimeona haya kwamba kupona kwangu kumekuwa kuitwa kitu kisichokuwa yeye. Yote mawili yako moyoni kwa pamoja, na sijui la kuyafanya, ila nimejiandikisha na wale akina mama wanaoandamana kupinga pasi. Usicheke, umeniambukiza wewe.

Sasa la jana ndilo lililonikalisha niandike.

Asubuhi kabla ya kanisa, mlango ukagongwa. Bi Sofie. Hajawahi kuja kwangu asubuhi. Akaomba kuona karatasi, akaisoma mara mbili, akairudisha. "Karatasi rahisi namna hii," akasema. Nikaweka kahawa jikoni. Jua lilikuwa kali, jiko linawaka, mle ndani joto. Akakaa. Akavua kofia ya kanisa. Halafu, Dada, akavua na kilemba cha chini yake, akakitundika kwenye msumari wa taulo.

Nywele zake ni zangu. Nakuapia. Ni nyeupe kwa uzee, lakini ni zangu na za Lea na za bibi yetu, zile zile ngumu, zimesukwa zikabanwa kichwani. Penseli isingeanguka. Wangemchomeka hata mwiko usingeanguka. Ndipo nikaelewa ule mkono kwenye kofia. Mle ndani, mbele ya wale watatu, akiwaita watu wasio na akili, alikuwa anangoja mmoja wao amwambie, samahani, Bi Fortuin, inamisha kichwa kidogo. Na Daniel je? Na sisi wote? Alikuwa na hofu kuliko mimi, na alikuja bila kualikwa.

Hakunitazama. Aliona kwamba nimeona. Akasema, "Lea. Lete kitana."

Mtoto akanitazama mimi kwanza. Nikamwambia nenda. Akaenda polepole, akakaa chini katikati ya magoti ya bibi yake, mabega kayapandisha. Bi Sofie akaanza kumchana. Beka, yule mama hana mkono mwepesi! Lea akapiga yowe la kusikika hadi kanisani. "Bibi, unaniumiza!"

"Nyamaza. Mimi mama yangu alinichana hivi hivi, na nililia kuliko wewe."

"Zako ni kama zangu?"

"Huna macho?"

Lea akageuka akaangalia, akanyoosha mkono, akagusa. Halafu akarudisha kichwa akaendelea kulia, lakini kile kilio cha mtoto anayejua yuko kwao. Sijawahi kufurahia kilio cha mwanangu namna ile. Kahawa ilichemka ikamwagika jikoni kote, na mimi nimesimama pale nacheka na kulia, kitambaa mkononi, sifuti chochote.

Mara tukasikia ta! Jino la kitana limevunjika. Nikafumba macho, nikangoja aseme lile neno lake.

Akakitazama, akakiweka pembeni, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Hannie," akasema, "niletee cha kwako."

Mdogo wako,
Hannie